Daladala, bajaji, bodaboda au teksi: kuchagua usafiri Mwanza ukiwa na mzee, mgonjwa au kiti mwendo

Anayeuliza apande nini Mwanza kwa kawaida anataka kujua gari tu. Hilo linatosha kwa mtu mwenye miguu mizima na begi jepesi. Kwa anayetembea na magongo, mjamzito aliyekaribia, mama mwenye mtoto mgongoni na mwingine mkononi, au babu aliyeletwa kutoka Kwimba kwenda hospitali ya Bugando, gari ni nusu ya safari. Nusu iliyobaki ni kutoka barabarani mpaka mlangoni, na hapo ndipo mji huu unapowashinda wengi.

Mwanza imekaa juu ya mawe. Barabara zake kubwa tatu zinapenya kati ya vilima na ziwa: Kenyatta kuelekea Nyegezi na Buhongwa, Nyerere kuelekea Igoma na Kisesa, Makongoro kuelekea uwanja wa ndege. Magari ya abiria yanafuata hizo. Watu wanaishi juu, Mabatini, Igogo, Isamilo, mahali ambapo njia inageuka ngazi za mawe na ngazi zinageuka ukingo wa jabali. Sensa ya 2022 ilihesabu zaidi ya watu milioni 1 katika wilaya za Nyamagana na Ilemela, na si wachache kati yao wanaoliona paa la nyumba yao wakiwa kituoni, kisha wakatumia nusu saa kulifikia.

Kwa hiyo vigezo vya ulinganisho huu ni vitano. Cha kwanza ni kupanda na kushuka: kimo cha kidato, upana wa mlango, na je, dereva anakusubiri ukae au anaondoka umeshika chuma? Cha pili ni kipande cha mwisho, yaani umbali na mwinuko unaobaki baada ya kushushwa. Cha tatu ni kuelewana. Mji huu una Wasukuma, Wakerewe, Wajita, Wahaya, Wakurya, Waasia waliozaliwa hapa, na wafanyabiashara wanaovuka kutoka Uganda, Rwanda na Kenya. Una pia viziwi, wasioona na wasiosoma. Chombo kinachomfaa mmoja kwa lugha yake kinaweza kumwacha mwenzake stendi. Cha nne ni gharama, cha tano usalama.

Daladala

*Kupanda na kushuka.* Daladala ya Mwanza kwa sehemu kubwa ni Hiace: mlango wa kuvuta ubavuni, kidato kirefu, paa linalokulazimisha kuinama. Mwenye magongo anaweza kuingia akipata kiti cha mlangoni na mtu wa kumpokelea magongo. Mwenye kiti mwendo lazima abebwe mwili mzima, kisha kiti kikunjwe na kutafutiwa mahali. Watu husifia kiti cha mbele kando ya dereva kwa ajili ya wazee. Mimi sikisifii: tairi liko chini yake, hivyo kupanda kwake ni kurefu kuliko mlango wa nyuma, na kushuka ni kujirusha.

Kinachoumiza zaidi ni haraka. Dereva na konda wana hesabu ya kupeleka kwa mwenye gari jioni, na chao ni kinachobaki. Kila dakika ya kumsaidia abiria mmoja kupanda wanaiona kama fedha iliyoanguka barabarani, ndiyo maana konda mwingine akiona magongo hugeuza shingo upande wa pili. Sisemi ni haki. Nasema ukijua chanzo chake unajua saa ya kusafiri. Kuanzia saa 4 asubuhi mpaka saa 9 alasiri magari yanatafuta abiria, na konda yule yule aliyekupita saa 1 atashuka kukushika mkono. Asubuhi na jioni levo siti, yaani kila abiria na kiti chake, inasahaulika, watu wanasimama wameinama shingo, na asiye na nguvu hana mahali.

*Kipande cha mwisho.* Daladala haiachi njia yake. Inakushusha kituoni, mlima ni wako. Angalia pia upande wa barabara, jambo ambalo watu hawalifikirii kabla hawajashuka: ukitoka mjini unaweza kushushwa ng'ambo na nyumba yako. Furahisha kuna daraja la juu la waenda kwa miguu. Linamwokoa mtu na magari, ila linamwongezea kupanda na kuteremka ambako mwenye goti bovu hakuomba.

*Kuelewana.* Hapa daladala ina sifa ambayo haipewi. Mambo yake yote yanasemwa kwa sauti: konda anataja njia, anataja vituo, anaitikia "shusha". Asiyeona na bibi asiyejua kusoma wanahudumiwa vizuri kuliko wangehudumiwa na ubao wenye maandishi mazuri. Akikwama kwa Kiswahili, ndani ya Hiace hakosekani Msukuma wa kumtafsiria. Anayeachwa nje ni kiziwi, ambaye hasikii kituo kikitajwa na sauti yake ya "shusha" huenda isisikike. Kadi yenye jina la kituo kwa herufi kubwa, ikionyeshwa konda wakati wa kulipa, inatatua sehemu kubwa ya tatizo. Wenye ualbino, ambao wengi wao wana uoni hafifu, hawawezi kusoma kibao cha njia kwenye kioo mpaka gari limewafikia. Kwao ni kuuliza, na kuuliza si aibu.

*Gharama.* Ni rahisi kuliko vyote. LATRA, mamlaka inayosimamia usafiri wa ardhini, ilipopandisha nauli Desemba 2023, safari ya mjini isiyozidi kilomita 10 ilifika Sh600, mwanafunzi Sh200. Kiti mwendo kilichokunjwa wakati mwingine hudaiwa nauli kama mzigo. Malizeni jambo hilo kabla gari halijaondoka.

*Usalama.* Hatari iko mlangoni: gari kuondoka kabla hujakaa, au kusimamishwa katikati ya lami badala ya pembeni. Ukishakaa, uko mahali pazuri kuliko juu ya pikipiki.

*Inamfaa nani.* Asiyeona anayeijua njia yake, mzee anayetembea polepole lakini anatembea, na mtu yeyote anayeishi karibu na lami na mwenye uhuru wa kuchagua saa.

Bajaji

*Kupanda na kushuka.* Kwa mwenye kiti mwendo hiki ndicho chombo chenye huruma zaidi kwa bei ya kawaida. Sakafu iko chini, ubavu uko wazi, na bajaji inaweza kusogea mpaka kiti mwendo na kiti cha abiria vikae karibu. Mwenye nguvu za mikono anajihamisha mwenyewe. Asiye na nguvu anahitaji mtu mmoja, si watatu kama kwenye Hiace. Kiti kinakunjwa na kuwekwa miguuni au kufungwa nyuma kwa kamba, kwa hiyo beba kamba yako. Ya dereva ina kazi nyingine. Kiti kisichokunjika ni habari tofauti, kitahitaji chombo cha pili au pikipiki ya mizigo ya magurudumu matatu.

Kwa mgonjwa wa mgongo au aliyetoka kupasuliwa, bajaji si rafiki. Magurudumu ni madogo, kila shimo linapanda mpaka kiunoni.

*Kipande cha mwisho.* Inapanda mahali ambapo daladala haifiki, lakini siyo kila mahali. Barabara za mawe zinazojengwa milimani zimebadilisha mambo mengi hapa: mawe yapo, mvua haiyasombi kama udongo, na bajaji inapata pa kukanyagia. Kuna jambo moja ambalo wajenzi hawaliwazi. Barabara inayolifaa tairi la bajaji inalitesa gurudumu dogo la mbele la kiti mwendo, ambalo linanasa katika kila upenyo kati ya jiwe na jiwe. Ikiwa mtaa wako una barabara hiyo, kubaliana na dereva akufikishe mlangoni kabisa, si "pale kwenye mti".

*Kuelewana.* Bei ni maneno, na maneno yana wenyewe. Mgeni anayeongea Kiswahili cha Kigali au cha Kampala atatajiwa bei yake, na mwenye kufuata mgonjwa Bugando atasomwa wasiwasi usoni. Mzee anayeanza na "Mwangaluka", salamu ya Kisukuma, mara nyingi hupata bei ya mwanakijiji. Mazungumzo yenyewe huwa hivi:

"Shikamoo babu. Tunaenda wapi?"

"Marahaba mwanangu. Bugando, kliniki. Unipandishe mpaka juu, usiniache getini."

"Nitakufikisha, babu. Tukubaliane kwanza, nikusubiri au nirudi?"

Swali hilo la mwisho ni zuri, nitalirudia mbele. Kiziwi naye anafaidika na bajaji kuliko daladala: anaandika mahali na bei kwenye simu, dereva anaandika yake, wamemaliza.

*Gharama.* Ukiikodi peke yako, spesho, unalipa mara kadhaa ya nauli ya daladala. Ya kuchangia ni nafuu, lakini inafuata barabara kubwa na kukushusha palepale pa daladala, kwa hiyo faida ya mlangoni inapotea.

*Usalama.* Iko wazi pembeni na haina mkanda. Mtu asiyeweza kujishika, mfano mwenye kiharusi upande mmoja, akae katikati au akae na msaidizi upande wa nje.

*Inamfaa nani.* Mwenye kiti mwendo kinachokunjwa, mama na watoto, mjamzito kwenye lami nzuri, mzee aendaye kliniki.

Bodaboda

*Kupanda na kushuka.* Lazima uinue mguu juu ya siti na ukae wima bila egemeo. Anayeweza hilo, anaweza. Kwa wengine mjadala umekwisha.

*Kipande cha mwisho.* Bodaboda haina mshindani hapa. Inapita kati ya nyumba na jabali, inapanda njia ambazo bajaji ingerudi kinyumenyume. Kwa asiyeona au mwenye tatizo la moyo lisilomruhusu kupanda mlima, kupandishwa na dereva anayefahamika mtaani kutoka kituoni mpaka mlangoni kunaweza kuwa ndiyo sababu ya kwenda mjini kabisa. Wengi hufanya hivyo: daladala barabara kubwa, bodaboda mlimani.

*Kuelewana.* Kijiwe ni cha mtaa, madereva wanajua nyumba. Huhitaji kueleza sana, na akikujua hata kiziwi hahitaji kuandika.

*Gharama.* Kipande kifupi cha mlimani ni bei ndogo. Safari ndefu inakaribia bajaji na haina maana.

*Usalama.* Ndicho chombo hatari kuliko vyote vilivyo hapa, na hakuna namna ya kulainisha hilo. Kofia ngumu ni haki ya abiria, siyo ya dereva peke yake. Mshikaki, yaani kupakia abiria zaidi ya mmoja, hata wa mtoto katikati, ni kosa, na kwenye mteremko wa mawe yenye unyevu ni kamari. Mjamzito aache.

*Inamfaa nani.* Mwenye mwili unaoweza kukaa juu yake, kwa kipande cha mwisho tu, mchana, na dereva anayejulikana.

Teksi na magari ya kuitwa kwa simu

*Kupanda na kushuka.* Ukisukuma kiti cha mbele nyuma kabisa, mtu anahama kutoka kiti mwendo bila kuinuliwa juu. Buti inameza kiti kilichokunjwa. Mlango unafungwa, mkanda upo, mgongo una egemeo.

*Kipande cha mwisho.* Inaishia penye barabara ya gari. Kwa anayekaa Capri Point au Pasiansi hilo si tatizo. Kwa anayekaa juu Igogo, teksi itamwacha chini kama daladala, na amelipa mara nyingi zaidi.

*Kuelewana.* Programu ya simu inamwondolea mgeni na kiziwi mzigo wa kubishana bei, kwa kuwa bei na mahali vinaonekana kwenye skrini. Inamwongezea mzigo asiyesoma na mwenye simu ya vitufe. Madereva wengi bado hupiga simu kuuliza "uko wapi hasa?", kwa hiyo kiziwi amtumie ujumbe mapema kumwambia hasikii.

*Gharama.* Kubwa. Ila watu wanne wakichanga kumpeleka mgonjwa, tofauti na bajaji mbili haiwi ya kutisha.

*Usalama.* Nzuri kuliko vyote vinne, hasa usiku na wakati wa mvua.

*Inamfaa nani.* Aliyetoka wodini, mwenye maumivu ya mgongo, anayefika stendi ya Nyegezi au Nyamhongolo na mabasi ya usiku akiwa na mizigo, na mgonjwa mwenye bahasha ya picha za eksirei ambaye hawezi kusimama.

Maji: kwa anayevuka

Kwa miaka mingi, kwenda Sengerema na Geita kulikuwa na adhabu yake kwa mwenye ulemavu: basi likifika Kigongo, abiria walishuka, wakatembea mpaka kwenye kivuko, wakavuka, wakapanda tena Busisi. Mara mbili kushuka, mara mbili kupanda, juani. Daraja la J.P. Magufuli, lenye urefu wa kilomita 3, lilifunguliwa Juni 2025, na sasa mtu anakaa kitini Mwanza na kuinuka Geita. Wakati wa kuzungumzia daraja hilo watu hutaja dakika zilizookolewa; mimi ningetaja kwanza hizo ngazi za basi.

Kivuko cha Kamanga kinabaki na faida yake kwa aliye katikati ya mji. Kinaanzia mjini na kumvusha mtu upande wa Sengerema bila kwenda mpaka Kigongo. Kuingia ni kwa njia ileile ya magari, yaani mteremko usio na ngazi, jambo zuri kwa magurudumu. Ubaya ni kwamba magari na watu wanagombea mteremko huo kwa wakati mmoja. Zungumza na mfanyakazi wa kivuko uingie kabla ya magari na utoke baada yake.

Kwa kisiwa cha Ukerewe uchaguzi ni meli ya kwenda Nansio au kuzunguka kwa barabara kupitia Bunda mpaka Kisorya, kisha kivuko kifupi cha Rugezi. Meli ni saa chache za kukaa mahali pamoja, ina nafasi ya kunyoosha miguu, na kiti mwendo hakihitaji kukunjwa kila mara. Barabara ni ndefu na ina kupanda na kushuka kwingi. Lakini kila anayesafiri majini hapa anakumbuka MV Bukoba iliyozama Mei 1996, na MV Nyerere iliyopinduka karibu na Ukara tarehe 20 Septemba 2018 na kuua zaidi ya watu 200. Asiyeweza kukimbia wala kuogelea asione haya kugoma kupanda chombo kilichojaa kupita kiasi, na aombe jaketi la kuokolea avae, siyo aonyeshwe lilipo.

Chombo ambacho bado hatuna

Dar es Salaam, tangu 2016, mabasi ya mwendokasi yana vituo vilivyoinuliwa mpaka sakafu ya kituo ikaribiane na ya basi. Mwenye kiti mwendo anaingia bila kubebwa, iwapo msongamano utamruhusu. Mwanza hatuna, ingawa Sheria ya Watu Wenye Ulemavu ipo tangu mwaka 2010. Wakati tukisubiri makubwa, yapo madogo yasiyohitaji mkopo wa benki: reli ya kushikia kwenye ngazi za milimani, kituo kisicho na mtaro ulio wazi mbele yake, ukanda laini wa saruji pembeni mwa barabara ya mawe, na njia kuandikwa kwa herufi kubwa ubavuni mwa Hiace badala ya kibao kidogo kioo cha mbele. Mikutano ya mtaa ndiyo mahali pa kuyasema, na yasemwe na watu wenyewe. Mwenye kiti mwendo akihudhuria, mjadala wa ngazi hauchukui muda mrefu.

Basi uchague kipi?

Kama nyumba yako iko karibu na lami na unatembea hata kwa shida, panda daladala mchana, kaa mlangoni, mwambie konda kituo chako mapema. Fedha utakayookoa ihifadhi kwa siku ya mvua, siku ambayo utahitaji teksi.

Kama unaishi mlimani na mwili unaruhusu, changanya daladala na bodaboda ya kijiwe chenu. Mwili hauruhusu? Bajaji mpaka inapofika, halafu vijana wawili wa kubeba. Hao wapange siku moja kabla na wape chochote. Kutegemea wapita njia kunafaa mara ya kwanza tu.

Kama una kiti mwendo na safari ni ya mara kwa mara, tafuta dereva mmoja wa bajaji, mfundishe kukunja kiti na kukishika mahali sahihi, na mkubaliane bei ya mwezi. Wa pili awe akiba.

Kama unaona kwa shida au huoni na njia ni ileile kila siku, daladala inakupa uhuru zaidi ya bajaji, kwa sababu humtegemei mtu mmoja. Kama husikii, bajaji au gari la programu litakuchosha kidogo kuliko Hiace.

Kama wewe ni mgeni mjini na hujui bei, muulize mhudumu wa duka au wa nyumba ya wageni kabla hujasogelea kijiwe. Dakika mbili zinatosha.

Na kama unampeleka mgonjwa hospitali ya Bugando au ya Sekou Toure, kwenda na kurudi vipangwe tofauti. Asubuhi anaweza kuwa na nguvu ya bajaji. Baada ya vipimo, foleni na sindano huenda hana. Dereva akiuliza akusubiri au arudi, mwambie arudi ukimpigia. Kisha weka pembeni fedha ya teksi usiyoigusa mpaka daktari aseme mgonjwa anaruhusiwa.